Upotevu kwenye safu ya bledi za turbaini: dalili, chanzo na pa kukagua kwanza

Kabla hujagusa chombo chochote, piga hesabu hii. Hewa inatoka kwenye safu ya bledi, yaani mapanga ya turbaini yaliyopangwa sambamba, ikiwa na presha ya mwendo (ile inayotokana na kasi yake) ya paskali 600. Bledi nzuri, katikati ya urefu wake, mbali na kuta, hupoteza kama asilimia 3 ya hiyo, yaani paskali 18. Ukibuni umbo jipya linalopunguza upotevu huo kwa sehemu moja ya kumi, umeokoa paskali 1.8. Kwenye manomita ya maji, inayoonyesha presha kwa kimo cha maji, hiyo haifiki milimita 0.2. Ndicho kitu chenyewe tunachokitafuta maabara, na handaki la upepo, yaani sanduku ambamo feni hupuliza hewa kwenye bledi, lina njia nyingi za kukupa au kukunyang'anya paskali 2 bila bledi kuhusika hata kidogo.

Nalitunza handaki la aina hii hapa Kampala. Ni sanduku la plaiwudi, feni ya mota ya fezi tatu, fremu iliyochomelewa na mafundi wa Katwe, na bledi saba zilizosimama wima, ya katikati ndiyo inayopimwa. Hatutengenezi injini za ndege. Lakini viwanda vya sukari vya Kakira na Kinyara huchoma makapi ya miwa, vikapata mvuke, na mvuke huo huzungusha turbaini zinazotoa umeme. Kila kinachopotea kati ya bledi mbili ni makapi yaliyochomwa bure. Kwa hiyo kijana anayejifunza kupima upotevu huu anajifunza kazi iliyopo hapa nchini, na ninataka aipime vizuri.

Tukubaliane maneno. Bledi ina pua mbele na ncha nyuma. Upande uliobinuka ni mgongo, uliobonyea ni tumbo. Nafasi kati ya mgongo wa bledi moja na tumbo la jirani yake ni njia. Juu na chini ya njia kuna kuta. Hewa inayojikokota nyuma ya ncha naiita mkia wa hewa. Na upotevu ni tofauti ya presha kamili (presha tulivu, ile inayosukuma kuta, pamoja na ya mwendo) kabla na baada ya bledi, ukiigawanya kwa presha ya mwendo ya hewa inayotoka.

Upotevu unatoka hasi, au kila ukirudia unapata jingine

Upotevu hasi maana yake hewa imetoka na nguvu kuliko ilivyoingia. Kwenye safu iliyosimama, isiyozunguka, hakuna anayeiongezea nguvu, kwa hiyo kosa ni la kipimo. Usikimbilie kuvunja programu. Jiulize kwanza kama presha ya mbele na ya nyuma zilisomwa kwa wakati mmoja.

Mara nyingi hazikusomwa hivyo. Mtu anasoma presha ya mbele mara moja asubuhi, anaiandika, kisha anaitembeza probu, mrija mwembamba wa kupimia presha, nyuma ya bledi kwa saa mbili huku akitumia namba ileile. Ndani ya saa mbili hizo umeme umeyumba. Presha ya feni hufuata mraba wa mizunguko: mizunguko ikipungua kwa asilimia 1, presha inapungua kwa asilimia 2, na katika paskali 600 hizo ni 12. Ukiwa kwenye jenereta hali ni mbaya zaidi. Mzigo ukiongezeka, masafa yanashuka. Yakitoka hezi 50 hadi 49, mota isiyo na kidhibiti masafa inapunguza mizunguko kwa asilimia 2 na presha inashuka kwa asilimia 4. Hizo ni paskali 24, kubwa kuliko upotevu wote wa bledi uliokuwa unautafuta.

Dawa yake haina gharama. Tumia transdusa moja ya tofauti, yaani chombo cha umeme kinachosoma tofauti ya presha mbili: mdomo mmoja uungwe kwenye probu ya mbele, mwingine kwenye probu ya nyuma. Feni ikiyumba, pande zote mbili zinayumba pamoja na tofauti inabaki karibu palepale. Kisha ugawe kwa presha ya mwendo iliyosomwa sekunde ileile, si ile ya asubuhi.

Kama tatizo bado lipo, tazama sifuri ya transdusa, yaani namba inayoonyesha wakati hakuna presha. Chombo cha paskali 1,000 chenye kosa la asilimia 0.25 ya upeo wake kina paskali 2.5 za mashaka tangu dukani, na hapo hujakiweka chini ya paa la mabati saa saba mchana. Sisi tunafunga feni na kusoma sifuri kila baada ya dakika 15, tunaiandika, na tunaondoa mteremko wake kwenye data. Inachosha, na vijana hulalamika. Nisipowasimamia wanairuka, na inaonekana kwenye grafu.

Mipira ya presha nayo huvuja kwenye viungio. Usiitazame kwa macho. Chomeka sirinji kwenye mwisho mmoja na manomita kwenye mwingine, sukuma hadi upate presha kidogo, shikilia, hesabu hadi sitini. Maji yakiteremka, kuna tundu. Mpira mwembamba mrefu una tatizo la pili: unachelewa. Toa probu kwenye mkia wa hewa uipeleke mahali pa hewa safi, uangalie namba inachukua sekunde ngapi kutulia. Subiri mara tatu ya hizo kwenye kila kituo, vinginevyo mikia yako yote itaonekana imesogea kuelekea unakokwenda. Ukitembeza kutoka kushoto kwenda kulia kisha kutoka kulia kwenda kushoto na mikia isikae mahali pamoja, tayari umejua ugonjwa.

Mikia ya hewa haifanani kutoka bledi hadi bledi

Katika turbaini halisi kila bledi ina jirani pande zote. Katika safu yako zile za pembeni zimepakana na ubao. Ndiyo maana tunaweka bledi saba na kuamini zile tatu za katikati tu. Hizo tatu zinapaswa kutoa mikia pacha. Zisipotoa, watu wengi hukimbilia kuzungusha mbao za nyuma, zile za pembeni zinazoelekeza hewa inayotoka, na mara nyingi wako sahihi: ubao ukifunga sana, presha tulivu ya njia ya pembeni hupanda na hewa hukimbilia upande wa pili. Toboa matundu ya presha tulivu ukutani, moja nyuma ya kila njia, uzungushe mbao mpaka yasome sawa. Kazi ya nusu siku.

Lakini msimu mmoja wa masika mwanafunzi alinipigia simu usiku, mvua imekatika muda si mrefu.

"Mwalimu, bledi ya nne imeharibika."

"Imeharibika vipi?"

"Mkia wake umekuwa mpana mara mbili. Mchana ulikuwa mzuri."

Bledi ya mbao ngumu haiharibiki kati ya mchana na usiku. Asubuhi tuliing'oa ile bledi, tukapitisha probu mahali patupu. Bonde la presha lilikuwa palepale, bila bledi. Tukafungua chumba cha kutulizia hewa, chenye nyavu, kati ya feni na bledi. Kwenye wavu wa pili, upande wa kulia, palikuwa na kiraka cha mabawa ya kumbikumbi kimegandamana kama karatasi iliyolowa, ukubwa wa kiganja. Mvua ilipokatika walitoka ardhini, wakafuata taa iliyokuwa inawaka juu ya mdomo wa feni, na feni ikawavuta ndani. Nyavu zinazofuata hazikuweza kulisawazisha shimo kubwa kiasi hicho kwenye mtiririko, na bledi ya nne ikalipokea.

Tangu hapo taa ya upande wa feni haiwashwi usiku, na mdomo una chandarua kinachofuliwa kila wiki. Na kila jaribio jipya huanza kwa kupitisha probu mbele ya bledi, kutoka ukuta hadi ukuta. Kama hewa inayoingia haijanyooka, hakuna unachoweza kusema kuhusu inayotoka. Wenzetu wanaofanya kazi karibu na ziwa nawashauri pia wakague matundu ya presha yenyewe; mdudu mmoja mdogo wa ziwani anatosha kuziba tundu la nusu milimita, na tundu lililozibwa husoma presha ya jana bila aibu.

Kasi na namba ya Reynolds hazilingani na za wengine

Hapa Kampala tuko mita zipatazo 1,190 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa ni kama kilopaskali 88, si 101. Kwenye nyuzi 25 uzito wa hewa ni karibu kilo 1.03 kwa mita ya ujazo, huku vitabu vikikupa 1.225. Kwa paskali 600, uzito wa kitabuni unakupa mita 31.3 kwa sekunde, wakati hewa yenyewe inakwenda 34.1. Kwa bledi yenye upana wa milimita 100 kutoka pua hadi ncha, namba ya Reynolds, inayolinganisha kasi na ukubwa wa bledi na mnato wa hewa, ni karibu 190,000. Mwenye kutumia hewa ya kitabu ataandika zaidi ya 210,000.

Mgawo wa upotevu wenyewe hauguswi na kosa hili, kwa kuwa ni presha ikigawanywa kwa presha. Linaloguswa ni mahali unapoweka nukta yako kwenye grafu unapojilinganisha na maabara ya pwani au ya Ulaya.

Kuna mtego ndani ya mtego. Presha inayotangazwa na kituo cha hali ya hewa cha uwanja wa ndege, na ile inayoonyeshwa na programu nyingi za simu, imeshabadilishwa iwe kana kwamba tuko usawa wa bahari. Utaona hektopaskali 1,015 ukiwa umekaa kwenye kilima cha Makerere. Usiichukue. Nunua baromita na usome presha ya chumba chako.

Mkia mnene unaopungua ghafla ukiongeza kasi

Ukiona upotevu wa katikati ya bledi unashuka kwa kishindo unapopandisha kasi kidogo, fikiria mgongo wa bledi. Baada ya sehemu ya njia iliyo nyembamba kuliko zote, hewa ya mgongoni hulazimika kupunguza mwendo. Tabaka jembamba linalogusa bledi, kama bado ni laini na tulivu, halina nguvu ya kuvumilia, linabanduka. Likibahatika, linachafuka, linapata nguvu na kurudi kujishika tena, na katikati kunabaki kiputo cha hewa iliyolala. Lisipobahatika, halirudi, na mkia unanenepa. Kwenye namba za Reynolds chini ya 200,000 jambo hili ni la kawaida, na kwa hewa yetu nyepesi tunaishi humo.

Uthibitisho upo kwenye matundu ya presha ya mgongoni: mstari wa presha unaopaswa kupanda unalala tambarare kwa muda, kisha unaruka. Hapo ndipo kiputo kilipo. Ukitaka uhakika zaidi, gundisha uzi mwembamba mgongoni kabla ya eneo hilo. Upotevu ukipungua, umekipata.

Dawa ya kudumu si uzi. Hewa ndani ya turbaini halisi ina msukosuko mwingi kutokana na bledi zilizotangulia; handaki lililosafishwa vizuri lina hewa laini kupita kiasi. Weka wavu wa fito mbele ya safu ili kuirudishia hewa msukosuko wake, upime kiasi chake, ukiandike kwenye ripoti.

Jambo hili liliwahi kutuumiza. Kikundi cha wanafunzi kilileta bledi mpya zenye kona ya mviringo kwenye pua, pale zinapogusa ukuta. Upotevu ulipungua sana, na ulipungua hata katikati ya urefu, mbali na ukuta, mahali ambapo kona ile haiwezi kufika. Tukakaa na swali hilo siku mbili. Kisha mmoja wao alipitisha kucha mgongoni mwa bledi mpya: krr, krr. Zilitoka kwenye printa ya 3D na hazikupigwa msasa. Zile za zamani zilichongwa kwa mvule na kupakwa vanishi hadi zinang'aa. Vingazi vya printa vilikuwa vinafanya kazi ya uzi, vikikiua kiputo. Tulipozipiga msasa wa maji, faida yote ya katikati ikatoweka, ikabaki ile ndogo ya karibu na ukuta, ambayo ndiyo ilikuwa halali yao. Tangu wakati huo bledi za kulinganishwa hutengenezwa kwa njia moja, nyenzo moja, msasa mmoja.

Rundo la upotevu karibu na kuta

Hapa ndipo penye utajiri. John Denton wa Cambridge, alipopanga upya elimu ya upotevu mwaka 1993, aliugawa kwa desturi ya wahandisi katika mafungu matatu: wa umbo la bledi, wa kuta, na wa uvujaji kwenye mwanya wa mwisho wa urefu wa bledi. Katika mashine nyingi kila fungu ni kama theluthi moja. Bledi zikiwa fupi, kama zilivyo hatua za mwanzo za turbaini ya mvuke, fungu la kuta huwa zito zaidi.

Chanzo chake ni hewa ya uvivu. Karibu na ukuta hewa inajikokota. Inapofika kwenye pua ya bledi, haiwezi kupanda presha iliyopo hapo, inageuka chini na kujikunja kuwa kisulisuli chenye umbo la kiatu cha farasi, mguu mmoja kila upande wa bledi. Ndani ya njia, tumbo lina presha kubwa na mgongo wa jirani una presha ndogo. Hewa ya katikati, yenye kasi, inastahimili msukumo huo kwa mkunjo wake. Ile ya ukutani haina kasi, inasukumwa moja kwa moja kutoka tumboni kwenda mgongoni. Mguu wa upande wa tumbo unavuka nayo, unakua, unakuwa kisulisuli kikubwa cha njia, na kinapofika mgongoni kinapanda na kuacha ukuta. Lee Langston na wenzake walikichora kwa vipimo mwaka 1977 kwenye safu kubwa ya bledi, na picha yao bado ndiyo tunayoanzia.

Kwa hiyo rundo la upotevu linalokaa umbali fulani kutoka ukutani, upande wa mgongo, ni la kweli. Kabla hujaliita la kweli, hata hivyo, linganisha ukuta wa juu na wa chini. Safu ikiwa sawa, marundo mawili yanatazamana kama uso na kioo. Moja likiwa kubwa, washa kijiti cha udi ukipitishe kwenye kiungio cha bledi na ukuta: moshi ukivutwa au kusukumwa, kuna mwanya, na mwanya wa unene wa karatasi unatosha kuharibu picha. Zibe kwa plastisini. Kama hakuna mwanya, pima unene wa tabaka la ukutani mbele ya bledi, juu na chini. Huenda plaiwudi ya chini imevimba kwa unyevu.

Rundo likishathibitika, dawa zinazojulikana ni kujaza kona ya pua na ukuta ili kisulisuli kizaliwe kidogo, kupinda bledi kuelekea ukuta, au kuuchonga ukuta wenyewe uwe na vilima na mabonde ili tofauti ya presha kati ya tumbo na mgongo ipungue palepale hewa ya uvivu inapopita. Hii ya mwisho ilijaribiwa kwa kina na Rolls-Royce pamoja na Chuo Kikuu cha Durham tangu miaka ya 1990. Nampendelea mwanafunzi aanze na kona ya pua: udongo wa plastisini na kijiko vinatosha kwa jaribio la kwanza.

Angalia mahali unapopimia. Ukipima karibu sana na ncha, sehemu ya nguvu bado iko ndani ya mzunguko wa kisulisuli, haijapotea bado. Itapotea mbele, hewa ikichanganyika. Umbo jipya linaweza kuonekana zuri karibu na kumbe limeahirisha deni. Pima vituo viwili, karibu na mbali, na wastani wako uzingatie wingi wa hewa inayopita kila nukta, si wastani wa nukta tu.

Pembe zinazokataa kukubali

Katikati ya urefu, hewa inapaswa kutoka kwa pembe iliyo karibu na ya ncha ya bledi. Probu ya matundu matano, inayopima pia pembe ya hewa, ikisoma digrii 2 pembeni kila mahali, imefungwa kombo kwenye kishikio. Igeuze digrii 180 kwenye hewa nyoofu, kichwa chake kikiendelea kutazama hewa, usome tena. Nusu ya tofauti ndiyo kosa lako. Ikikosea kwenye mikia tu, ni kwamba presha inabadilika sana ndani ya upana wa kichwa chake, tundu la kushoto likiwa ndani ya mkia na la kulia nje. Tumia kichwa kidogo zaidi. Na karibu na ukuta, ndani ya vipenyo viwili vya kichwa, usiamini pembe yoyote.

Rangi ya mafuta haiendi, au inateremka

Rangi iliyochanganywa na mafuta ya taa hupakwa kwenye bledi na kuta ili hewa iichore njia yake. Inateremka kwa uzito wake: mafuta ya taa yamezidi. Haiendi: yamepungua, au feni iliwashwa polepole. Paka, washa feni haraka hadi kasi kamili, acha ikauke huku hewa inapita, piga picha kabla hujazima.

Ukishamaliza yote haya na umbo lako bado linaonyesha faida, rudisha bledi ya msingi siku hiyohiyo jioni, uipime tena kama ulivyoipima asubuhi. Tofauti kati ya asubuhi na jioni kwa bledi ileile ndiyo kipimo cha handaki lako. Faida ikiwa ndogo kuliko hiyo, iandike hivyo kwenye ripoti, na kesho uanze tena na mipira.